Pumzi na Pumziko: Yoga Nyumbani Wakati wa Janga, Mfano wa Kathonzweni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi yoga inavyoweza kumsaidia mtu kulinda afya ya mwili na utulivu wa nafsi akiwa nyumbani wakati wa janga. Mfano wetu ni Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, katika mwaka wa 2020. Hoja yetu ni kwamba kwa watu ambao miili yao hufanya kazi mchana kutwa, faida kubwa ya yoga haimo katika kunyosha viungo bali imo katika pumzi. Aidha, tunadai kuwa faida hiyo huwafikia watu hao pale tu mafunzo yanapotolewa kwa lugha inayowaingia.

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana nchini. Siku mbili kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutaja ugonjwa huo kuwa janga la dunia nzima. Tarehe 15 Rais akaamuru shule na vyuo vifungwe, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakapewa hadi tarehe 20 kuondoka. Tarehe 27 kafyu ikaanza, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili watu wakakatazwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi, marufuku iliyodumu hadi mwezi wa Julai.

Katika majuma hayo ushauri ulikuwa mmoja: kaa nyumbani. Umoja wa Mataifa, ambao tangu mwaka wa 2015 huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kila tarehe 21 Juni, uliteua yoga ya nyumbani kuwa mada ya maadhimisho ya mwaka wa 2020. Watu waliambiwa kwamba mkeka mmoja na nafasi ndogo sebuleni vinatosha kumwezesha mtu kulinda afya yake bila kuvuka kizingiti cha mlango.

Ushauri huo ulikuwa mwema. Hata hivyo, neno "nyumbani" halina maana moja kila mahali. Kwa mkazi wa ghorofani jijini, nyumbani ni vyumba viwili au vitatu, na tatizo lake kubwa lilikuwa mwili uliokaa tu. Kathonzweni, mji mdogo usio mbali na Wote, makao makuu ya kaunti, nyumbani ni boma lenye shamba, zizi la mbuzi na miembe michache. Nchi yenyewe ni kame. Mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima hupanda ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Aliyeambiwa akae nyumbani hapa hakukaa. Aliendelea kulima, kuteka maji na kukata kuni kama kawaida. Je, mtu wa namna hii ana haja gani na yoga? Hilo ndilo swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu.

Uyoga au yoga?

Swali lenyewe sikulizua mimi. Niliulizwa. Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliorejea makwao mwezi huo wa Machi, na nilikuwa nimejifunza yoga kidogo chuoni. Jioni moja ya Aprili alikuja kwetu jirani mmoja, mama aliyepita umri wa miaka hamsini. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi hotelini jijini Nairobi, alikuwa ameachishwa kazi, na sasa hakuwa na njia ya kutuma pesa wala ruhusa ya kurudi nyumbani. Mama huyu alikuwa halali usiku. Alisema kuwa kifua kinambana na pumzi haimtoshi, na alikuwa amekwenda kwenye kituo cha afya akiamini kwamba ameambukizwa Korona. Walimpima, wakamwambia kuwa mapafu yake ni mazima ila shinikizo la damu limepanda. Wakampa dawa na kumwambia apunguze mawazo. Jinsi ya kuyapunguza hakuelezwa.

Nikamwambia, "Mwaitu, ipo yoga. Labda itakufaa."

"Uyoga?" akauliza. "Mvua hii imeuotesha mwingi kando ya vichuguu. Unapikwa na nini ili uwe dawa?"

Tulicheka sote, kisha nikamweleza kuwa yoga ni mazoezi, na nikainama kumwonyesha. Alinitazama kwa makini hadi nikamaliza. "Mwanangu," akasema, "mimi huinama tangu alfajiri. Sasa wataka niiname tena usiku?"

Sikuwa na jibu. Yanayofuata humu ni jibu ambalo ningependa ningekuwa nalo jioni ile.

Yoga ni nini?

Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi inayouunganisha mwili, pumzi na nia. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na limetokana na mzizi wenye maana ya kuunganisha au kufunga nira. Mkulima wa Makueni haihitaji picha hii ifafanuliwe zaidi, kwa kuwa amewahi kufunga fahali wawili kwenye nira ili wavute plau. Fahali wasiokwenda pamoja hupinda mfuo. Vivyo hivyo mtu ambaye mwili wake upo shambani na fikira zake zipo Nairobi hachoki kwa kazi peke yake. Huchoka pia kwa kuvutwa huku na huku.

Matini mashuhuri zaidi ya elimu hii ni Yoga Sutra, mkusanyo wa kauli fupi fupi unaonasibishwa na Patanjali na ulioandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Patanjali anaigawa yoga katika viungo vinane: miiko ya mtu kwa wenzake, nidhamu ya nafsi, mkao, udhibiti wa pumzi, kuzizuia hisi zisitangetange, kuikaza nia mahali pamoja, kutafakari, na hatimaye utulivu kamili. Ni dhahiri basi kuwa mkao wa mwili, ambao watu wengi leo hudhani ndio yoga yote, ni kiungo kimoja tu kati ya vinane. Zaidi ya hayo, Patanjali anachodai kuhusu mkao ni kwamba uwe imara na usiomtaabisha mtu. Hamtaki mwanafunzi wake ajipinde kama kamba.

Kutokana na maelezo haya, tunaona kosa nililolifanya mbele ya yule mama. Nilianza na kiungo ambacho yeye alikuwa nacho tayari, nikaviacha vile alivyovihitaji.

Mwili uliochoka, nafsi isiyolala

Mnamo Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kuwa mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mwanamke wa Kathonzweni anayelima, kupalilia na kuteka maji huzimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Kwa hivyo, kipimo cha mazoezi peke yake hakionyeshi anachokosa.

Anachokosa ni mambo mawili. La kwanza ni uwiano. Kazi ya jembe humwinamisha mtu mbele kwa saa nyingi. Kiuno hukakamaa, mabega huja mbele na kifua hufungika. Mwili huu hauhitaji kuinama zaidi. Unahitaji kufunguliwa upande wa pili. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kupumzika kwa kweli. Kuacha kazi si lazima kuwe ni kupumzika. Katika miezi ile ya 2020 kafyu iliufanya usiku kuwa mrefu. Saa moja ilipowadia kila mtu alikuwa ndani, na redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM zilileta hesabu ya walioambukizwa na waliofariki. Mikono ilikuwa imetulia lakini moyo ulikuwa ukikimbia. Pesa za kutoka mjini zilikuwa zimekatika, shule zilikuwa zimefungwa, na mazishi yalifanywa haraka bila mikesha ambayo kwa desturi huwafariji wafiwa.

Hapana shaka kuwa wapo waliohitaji pia kunyosha viungo. Wanafunzi tuliokuwa tukijikunja juu ya simu ndogo tukitafuta mtandao, walimu waliokaa bila kazi, na wazee walioacha kwenda sokoni kwa kuogopa maradhi, sote tulifaidika na mikao. Lakini hata kwetu sisi, kilichotukosesha usingizi hakikuwa ugumu wa misuli.

Pumzi inavyotuliza mwili

Ili tuelewe ni kwa nini pumzi inaweza kufanya kazi hii, yafaa tueleze kidogo jinsi mwili unavyofanya kazi. Mambo mengi ya ndani ya mwili hujiendesha bila sisi kuyaamuru. Hatuwezi kuuambia moyo upige polepole au tumbo lisage chakula. Mambo haya husimamiwa na neva za aina mbili. Zipo zinazouandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza. Zipo nyingine zinazourudisha mwili katika hali ya shwari: mapigo ya moyo hupungua, chakula husagwa, usingizi huja. Mtu mwenye hofu ya muda mrefu huishi kana kwamba chui yupo mlangoni, hata kama kilichopo mlangoni ni habari tu.

Kupumua ni tofauti na mambo hayo mengine. Hujiendesha kwenyewe tunapolala, lakini pia tunaweza kukuongoza tukitaka. Kwa sababu hiyo pumzi ni mlango ambao mtu anaweza kuupitia ili kuzifikia neva asizoweza kuziamuru moja kwa moja. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa, hupunguza. Basi anayerefusha pumzi inayotoka huupa moyo wake muda mrefu zaidi wa kupunguza mwendo. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika yoga mtu hujizoeza kupumua hata mara sita kwa dakika, kwa kutumia msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kiasi kwamba tumbo hupanda na kushuka kwa utaratibu.

Hofu hufanya kinyume. Aliyeogopa hupumua haraka haraka kwa sehemu ya juu ya kifua. Kadiri anavyofanya hivyo ndivyo anavyohisi kuwa hewa haimtoshi, na kadiri anavyohisi hivyo ndivyo anavyoogopa zaidi. Katika wakati wa ugonjwa unaoshambulia mapafu, mzunguko huu ulikuwa mateso makubwa. Jirani yetu alikuwa amenaswa humo.

Kiswahili na elimu ya pumzi

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Vitabu na video nyingi za yoga zinazopatikana Kenya ni za Kiingereza, na majina ya mikao ni ya Kisanskriti. Ni kweli kwamba nchini wapo Wakenya wanaofundisha. Mradi wa Africa Yoga Project, ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, umewafunza vijana wengi kuwa walimu wa yoga, baadhi yao wakitoka katika mitaa ya walala hoi. Hata hivyo, anayeketi Kathonzweni na kutaka kumfundisha mama yake hulazimika kujitafutia maneno.

Nilipoyatafuta niligundua kuwa mengi yalikuwapo. Katika Kiswahili, pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Lugha yenyewe inatuambia kuwa kupumzika ni jambo la pumzi, wala si jambo la kuacha kazi tu. Aliyechoka njiani husema, "Ngoja nivute pumzi," na kila mtu huelewa kuwa anaomba kupumzika. Aliyepata habari njema baada ya wasiwasi husemekana kuwa ameshusha pumzi. Naye aliye katika hofu tunasema kuwa roho yake iko juu, maelezo yanayoafikiana kabisa na yale ya wanasayansi kuhusu pumzi inayopanda kifuani.

Tuchukue pia neno tulia. Hili ni kauli ya kutendea ya kitenzi tua. Ndege hutua, jua hutua, na mchukuzi hutua mzigo. Kutulia basi, kwa asili yake, kuna picha ya kitu kilichokuwa juu kikashuka mahali pake. Jioni ya pili sikumwambia yule mama habari ya mikao hata kidogo. Nilimwomba aketi kigodani, nikamwambia, "Mwaitu, vuta pumzi, kisha ishushe polepole kama unayetua mtungi wa maji, usimwagike." Hapo alielewa mara moja, kwa maana kutua mtungi ni jambo alilolijua maisha yake yote. Mabega yake yakashuka.

Majina ya mikao nayo yanataka busara. Mlima, mti, daraja na mtoto ni majina yanayotafsirika bila tatizo. Lakini mkao wa swila haukupendwa na yeyote katika eneo ambako nyoka huuawa akionekana karibu na nyumba. La muhimu zaidi, mkao wa mwisho wa kulala chali bila kutikisika huitwa kwa Kisanskriti mkao wa maiti. Tafsiri hiyo ni sahihi, na darasani ingepata alama zote. Hata hivyo, katika mwaka wa 2020, ndani ya nyumba ambayo redio ilikuwa imetoka kutaja idadi ya waliofariki, haikusemeka. Sisi tuliuita mkao wa pumziko. Walimu wetu wa tafsiri hutukumbusha kuwa ulinganifu wa maana hautoshi pasipo kuzingatia hali ya mpokezi. Sijawahi kukiona kisa kilichonithibitishia kanuni hiyo kuliko hiki.

Wapo watakaosema kuwa yoga ni kitu cha kigeni kwetu. Tunakubali, ila tunaongeza kuwa Bara Hindi si jirani mpya. Pesa, gari, bima, laki na chapati ni maneno tuliyoyapokea kutoka huko, na hakuna anayeyaita mageni leo. Katika Kaunti hiyo hiyo ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Hekalu hilo si la yoga, bali ni ushahidi kuwa watu wa asili ya Kihindi na Wakamba wameishi pamoja kwa vizazi kadhaa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Utaratibu mfupi wa nyumbani

Utaratibu ufuatao huchukua takriban dakika 25. Wakati mwema ni jioni, mifugo ikishaingia zizini na kabla ya chakula, kwa kuwa mazoezi haya hayafai tumbo likiwa limejaa. Kinachohitajika ni mkeka au shuka safi na nguo zisizobana.

Kwanza, keti kigodani au mkekani, mgongo ukiwa wima. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapumua mara sita kwa dakika. Usiizuie pumzi wala usijilazimishe. Ukihisi kizunguzungu, rudi katika kupumua kwako kwa kawaida. Endelea kwa dakika tano.

Pili, piga magoti na uweke viganja chini, mgongo uwe kama meza. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na uinue kifua, kama ng'ombe. Ukitoa pumzi, pinda mgongo uelekee juu, kama paka anayejinyosha. Fanya hivyo mara nane au kumi. Zoezi hili huulegeza mgongo uliokakamaa kwa jembe.

Tatu, simama wima kama mlima, nyayo zikiwa zimekita ardhini, mabega nyuma. Kisha, ukiwa karibu na ukuta au mti wa kuegemea, inua mguu mmoja na uuweke ubavuni mwa mwingine, chini ya goti au juu yake, lakini si gotini penyewe. Kaza macho mahali pamoja. Fanya hivyo pande zote mbili. Nia isipotulia, mguu nao hautatulia.

Nne, lala chali, kunja magoti, na uinue nyonga polepole hadi mwili uwe kama daraja. Vuta pumzi mara tano, kisha shuka. Rudia mara tatu. Huu ndio mkao unaomfaa zaidi mkulima, kwa sababu humfungua upande ambao kazi yake humfunga.

Tano, nyosha miguu, fumba macho, na ukae katika mkao wa pumziko kwa dakika tano hadi kumi. Fikira zitakuja. Usizifukuze wala usizifuate. Rudi kwenye pumzi kila unapogundua kuwa umeondoka. Watu wengi huona sehemu hii kuwa rahisi, na kwa kweli ndiyo ngumu kuliko zote.

Wanawake wanaosuka viondo watalitambua jambo hili. Aketiye chini akisokota na kusuka katani, mkono ukienda kwa mwendo mmoja na jicho likifuata safu, huingia katika utulivu unaokaribiana na ule ambao Patanjali aliuita kuikaza nia mahali pamoja. Kwa hivyo hatuwafundishi jambo jipya kabisa. Twawakumbusha wanalolijua tayari.

Tahadhari na mipaka

Ni lazima tuseme waziwazi kuwa yoga haizuii wala haitibu Korona. Barakoa, maji na sabuni, kutosongamana na, tangu mwezi wa Machi 2021 shehena ya kwanza ya takriban dozi milioni moja ilipowasili nchini, chanjo, ndizo zilizokuwa kinga. Mwenye homa, kikohozi au pumzi inayomtatiza hata akiwa amekaa hapaswi kutandika mkeka. Anapaswa kwenda hospitali. Vilevile, mwenye shinikizo la damu aendelee na dawa zake na aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo. Waja wazito, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza, wasilale chali kwa muda mrefu, na mwenye maumivu ya goti au uti wa mgongo aanze kwa kupumua tu.

Tahadhari ya pili inahusu imani. Yoga ilizaliwa katika mazingira ya dini za Bara Hindi, na si haki kulificha jambo hilo. Mwaka wa 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na nyimbo na ibada za Kihindu, na makanisa mengi Ukambani yana hofu ya namna hiyo hiyo. Tunaiheshimu hofu hiyo. Kupumua polepole, hata hivyo, si mali ya dini yoyote. Jirani yetu hakutamka neno lolote asilolijua maana, na kila jioni alifunga zoezi lake kwa sala aliyofundishwa na mama yake.

Tahadhari ya tatu ndiyo nzito zaidi. Utulivu usigeuzwe kuwa njia ya kumnyamazisha mwenye haki ya kulalamika. Pumzi haijazi ghala. Mwaka wa 2020 visa vya dhuluma za nyumbani vilivyoripotiwa nchini viliongezeka, na kwa aliyefungiwa pamoja na anayempiga, dawa si mkeka bali msaada na sheria. Kaunti ya Makueni ilikuwa na mpango wa MakueniCare, ulioanza mwaka wa 2016, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Mama yule alikwenda kupimwa bila kwanza kuuza mbuzi. Utulivu wa aina hiyo huletwa na sera njema, na yoga haiwezi kuchukua nafasi yake.

Hitimisho

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa Korona si dharura ya kimataifa tena. Hata hivyo, sababu za kukosa usingizi hazijaisha. Katika miaka hiyo hiyo, tangu 2020 hadi 2023, ukame ulizikumba kaunti kame za Kenya msimu baada ya msimu, Makueni na Kitui zikiwemo. Haja ya kujua namna ya kutuliza moyo nyumbani, bila gharama, ingalipo.

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kuwa jibu la swali la yule mama ni hili: hahitaji kuinama tena, anahitaji kushusha pumzi. Tumeonyesha pia kuwa Kiswahili kina msamiati wa kumfikishia elimu hiyo, iwapo anayefundisha atakuwa tayari kuuchagua kwa kumtazama msikilizaji wake. Ingefaa wanafunzi wa vyama vyetu vya Kiswahili, hasa wanaoshughulikia tafsiri na istilahi, wakusanye maelezo ya namna hii kwa ajili ya afya, wayajaribu kwa watu wa kwao, na wayachapishe katika kurasa kama hizi ili tuyasahihishe pamoja.

Ama kuhusu jirani yetu, hakupona shinikizo la damu. Bado hutumia dawa zake. Lakini baada ya majuma matatu hivi ya mwaka ule alikuja asubuhi na maziwa ya mbuzi, akatuambia kwamba usiku uliopita alilala hadi jogoo alipowika. Kisha akachukua jembe lake akaenda kupalilia ndengu.